Bahasha ya zabuni na kazi ya VPN

Zamani kidogo, kwenye minada ya korosho, wanunuzi waliandika bei zao, wakazifunga kwenye bahasha na kuzitia sandukuni, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Msimu wa 2024/2025 korosho za Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI, kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ziliuzwa kupitia mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bahasha haipo tena, ila siri bado inahitaji kufungwa.

Mchukue karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, anayetuma majina ya wakulima, kilo zao na namba zao za benki kwa waifai ya nyumba ya wageni. Taarifa hukatwa vipande, na kila kipande hupita kwenye mitambo ya watu asiowajua. VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya mtandao wa wote, hukifungasha kila kipande mpaka kifike kwenye seva yake. Namna ya kufungasha huamuliwa na itifaki, yaani masharti ambayo simu na seva huyafuata pamoja.

Itifaki nzuri ina kazi tatu. Kwanza, seva huthibitisha kuwa ni yenyewe, si tapeli. Pili, pande mbili hupata ufunguo mmoja wa siri bila kuupitisha njiani, kwa hesabu walizochapisha Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Ufunguo hubadilishwa mara kwa mara. Atakayeiba wa leo hasomi ya jana. Tatu, kila kipande hupigwa muhuri wa kihesabu: mtu akigeuza kilo 3,000 kuwa 2,000, muhuri haulingani na kipande hutupwa.

Itifaki hazilingani. PPTP ya miaka ya 1990 ilishavunjwa, ikwepe. OpenVPN, IPsec yenye IKEv2, na WireGuard, iliyoingizwa kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux mwaka 2020, ndizo za kuaminiwa.

Hata hivyo, mwenye seva ya VPN huona unakoelekea, kwa hiyo chunguza VPN ya bure inajilipaje. Kumbuka pia kuwa Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN kujisajili.

Na nywila ikibandikwa ukutani mwa ofisi, itifaki haina la kufanya. Ni sawa na lori lililofungwa vizuri kutoka kwenye ghala lililolala wazi: litafikisha salama mzigo uliokwisha kuguswa.