Magari ya fowili yakipita kwenu: kwa nini hutoa upepo, na kwa nini ukae mbali na kamba

Kiangazi, hasa siku za mapumziko, utayaona magari sita au saba yenye tairi kubwa yakifuatana kutoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka, mengine yakiendelea hadi upande wa Oldoinyo Lengai na Ziwa Natron. Ni watu wa mjini wenye magari ya fowili, waliojiunga katika klabu. Hutoka alfajiri, hutafuta njia mbaya kwa makusudi, na wengi jioni wanataka wawe wamerudi kwao. Mtu mwenye pesa zake anatafuta nini korongoni? Hilo wajibu wenyewe. Mimi nitaeleza yale unayoyaona wakifanya, maana mengi yanamhusu hata anayepanda Landrover ya abiria kwenda mnadani, na mojawapo linaweza kuua.

Tuanze na upepo. Kabla ya kuingia kwenye mchanga husimama, huchuchumaa kwenye kila tairi na kupunguza upepo. Tairi lililokuwa na 35 hivi hushushwa hadi karibu 20. Tairi lililolegea hulala na kukanyaga eneo kubwa, kama wayo wa ngamia. Lililojaa huchimba kama kwato ya punda. Wakitoka mchangani hujaza tena kwa pampu ndogo ya umeme wa gari, kwa sababu tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka.

Wengi husema fowili haikwami. Inakwama, bwana. Ndani ya ekseli kuna difu, ambayo kazi yake ni kuruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Sasa gurudumu moja likining'inia hewani au likiwa kwenye tope laini, difu hiyohiyo hupeleka mzunguko wote kule kusiko na kazi. Ndiyo maana unaona tairi moja linazunguka kama feni na gari halisogei. Baadhi ya magari yana loki ya kufunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Asiye nayo hutafuta mawe, au hutafuta ninyi mje msukume.

Kwenye korongo lenye maji, dereva mzuri hushuka na kutafuta mahali pa kupita kwanza, kwa mguu na fimbo. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kuelea na gari dogo. Sentimita 60 huondoka na magari mengi, hata haya makubwa. Injini nayo ikivuta maji kupitia njia ya hewa, hujipinda ndani na hiyo ni hasara ya mamilioni. Ukanda huu una hatari ya ziada: mvua hunyesha juu, kwenye milima ya Ngorongoro, huku chini ya ukuta wa Bonde la Ufa jua linawaka, kisha maji yanashuka ghafla. Wewe mwenyeji unalijua korongo lako kuliko simu ya dereva. Ukiona maji yameanza kubadilika rangi na kubeba vijiti, mwambie asubiri, hata kama ana haraka.

Lile linaloua ni kamba. Gari likikwama, watoto hukusanyika kutazama likivutwa, na vijana husimama pembeni wakitoa maelekezo. Kamba au waya wa winchi unaovutwa na gari la tani mbili au tatu hujikaza kama upinde. Ukikatika, au kishikizo kikichomoka, chuma hurudi kwa kasi kubwa kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Kwa hiyo usivuke juu ya kamba iliyokazwa wala usisimame kati ya magari mawili. Kaa mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na uwaondoe watoto kabla injini haijaungurumishwa. Wanaojua kazi hutandika blanketi zito au koti katikati ya waya ili ukikatika uanguke chini. Wasipofanya hivyo, waulize kwa nini. Ukiona wanafunga kamba kwenye ile bolu ya kuvutia trela, wakatalie kabisa. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na ikivunjika huruka kama risasi.

Kuhusu malisho: alama ya tairi kwenye udongo uliolowa hugeuka mfereji, na mvua inayofuata huukuza. Kundi lenye adabu hufuatana kwenye njia moja. Wakifungua njia mpya kwenye nyasi zenu, mna haki ya kuwasimamisha na kuwaonyesha ile ya zamani.