Mwanachama Anayetaka Kununua Chombo Kidogo cha Tanga



Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi hujaa hata yakainama, na mwaka unaofuata mtu huzunguka shamba zima akarudi na pishi chache. Kwa sababu hiyo wengi wetu hutafuta pato la pili la kuwavusha katika mwaka mbaya, na kwa mtu wa kisiwani pato hilo haliko mbali: liko pwani. Chombo kidogo cha tanga hakili petroli. Huvua samaki, huchukua ndizi, nazi na muhogo kwenda sokoni, na mwenyewe akikitunza vizuri humfaa miaka mingi.

Walakini chombo kipya ni ghali, na wengi wetu hatuna budi kununua kikuukuu. Hapo ndipo penye khatari. Mtu aliyekulia mikarafuuni akishuka pwani na fedha za msimu mfukoni, hukuta dau limepakwa rangi mpya, tanga limekunjwa vizuri, na bei yaonekana rahisi. Hulipa palepale. Miezi mitatu baadaye chombo kimelala mchangani, mbao zimelegea, fundi ataka fedha kuliko alizochukua muuzaji, na fedha za msimu mzima zimekwisha. Makala haya twayaandika ili khasara hiyo isimpate mwanachama yeyote kwa kutojua.

Neno letu kubwa ni moja: chombo kikuukuu hununuliwa mara mbili. Mara ya kwanza wamlipa mwenyewe, na mara ya pili wamlipa fundi. Asiyehesabu malipo ya pili hajajua bei ya chombo anachokinunua. Kwa hivyo zigawe fedha zako mafungu matatu kabla hujashuka pwani. Mafungu mawili yawe ya kununulia. Fungu la tatu liwe la matengenezo, kamba, nanga na jaketi za kuokolea maisha. Chombo kinachotaka mafungu yote matatu siku ya kwanza si chombo chako, kingawa kizuri namna gani.

CHOMBO GANI KINAMFAA MGENI WA BAHARI

Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye matengo huku na huku yanayolizuia lisipinduke. Ni nyepesi, watu wawili huweza kuiendesha, na maji machache huitosha kupita juu ya miamba. Haichukui mzigo mwingi, lakini kwa mtu anayejifunza tanga na anayetaka kuvua karibu, hakuna cha bei nafuu kinachoishinda.

Dau ni chombo cha mbao zilizopigwa juu ya mkuku na mataruma, limechongoka mbele na nyuma. Huchukua mzigo zaidi ya ngalawa, na kwa mtu anayetaka kupeleka mazao mjini ndilo linalofaa. Lakini lina mbao nyingi, misumari mingi na viungo vingi, na kila kiungo ni mahali pa kuingilia maji. Mashua, ambayo nyuma yake imekatwa bapa, ni kubwa zaidi na yataka mabaharia. Mgeni asianze nayo.

Twasema mgeni achague chombo kidogo kwa sababu ya foromali pia. Tanga letu la pembe tatu likitaka kugeuzwa upande wa pili, foromali sharti ipitishwe mbele ya mlingoti. Katika chombo kidogo watu wawili hufanya kazi hiyo kwa nafasi. Foromali ikiwa ndefu na upepo ukiwa mkali, kazi hiyo humshinda asiyezoea, na tanga likimpiga chombo chaweza kulala.

KITAZAME MAJI YAKIPWA

Usinunue chombo kinachoelea. Mwambie muuzaji kwa adabu, “Sheikh, nitakuja kukitazama siku ya bamvua, maji yakipwa.” Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na chombo hubaki kikavu chote hata mkuku wake waonekana. Muuzaji mwema hatakataa. Akitafuta visababu, mshukuru na uende zako.

Nenda na fundi wa vyombo, na fundi huyo awe wako, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ana mabwana wawili. Kisha angalieni haya kwa utaratibu.

Kwanza, umbo. Simama nyuma ya chombo, utazame mkuku mpaka omo. Sharti uwe umenyooka. Chombo kilichoshuka kichwa na mkia na kuinuka katikati kimevunjika mgongo, na mgongo hautengenezwi kwa fedha ndogo.

Pili, mti wenyewe. Chukua kisu chembamba, uchome kidogo kwenye mkuku, kwenye ubao wa chini kabisa unaokutana na mkuku, kwenye ncha za mataruma na pale mlingoti unaposimama. Mti mzima hukataa kisu. Mti uliooza hukipokea kama boga. Kisha gonga kwa nyundo ndogo ubao kwa ubao: mti mzima hulia, na uliooza hutoa sauti ya kufa. Usisahau kutazama ndani na sehemu za juu. Watu wengi hudhani maji ya bahari ndiyo yanayoozesha mbao, kumbe maji ya mvua yanayokaa ndani ya chombo huozesha upesi zaidi. Dau lililoachwa masika mawili bila ya kuezekwa kwa makuti laweza kuwa zima chini na limeoza juu.

Tatu, wadudu wa baharini. Yuko mdudu anayeingia katika ubao angali mdogo kabisa, kisha akakua ndani huku akiula mti. Tundu la nje hubaki dogo kama la sindano, na ndani ubao wote huwa kama sega la nyuki. Kwa hivyo ukiona vitundu vidogo chini ya mstari wa maji, usiseme ni vichache. Gonga, uchome kisu, na ikibidi mwombe mwenyewe ruhusa fundi akwangue kidogo.

Nne, misumari. Pakiwa na michirizi ya kutu na mbao zimekuwa nyeusi kuzunguka misumari, chuma kimeliwa na ubao hauna kinachoushika. Kubadili misumari michache ni kazi ya kawaida. Kubadili yote ni karibu na kuunda upya.

Tano, nyufa. Hapa mgeni huweza kukosea pande zote mbili. Chombo kilichokaa juu siku nyingi mbao zake hukauka na kusinyaa, hata ukaona mwanga wa jua kati yake. Hilo peke yake si ubovu, maana mbao zikilowa huvimba na kuziba. Kwa hivyo kabla ya kulipa, omba kitiwe majini siku mbili au tatu. Kikivuja siku ya kwanza na kikapungua, ni ukavu tu. Kikiendelea kuvuja vilevile, kalafati imekwisha au pana ubovu zaidi, na fundi akuambie ni lipi.

Kwa ngalawa, angalia pia ncha mbili za gogo, ambako nyufa huanzia, na uhesabu viraka. Kiraka kimoja kilichopigwa vizuri si aibu. Viraka vitatu mahali pamoja ni khabari nyingine. Tikisa matengo na vifungo vyake, kwani ndivyo vinavyozuia ngalawa isipinduke.

TANGA NA KAMBA MWISHO

Wanunuzi wengi hutazama tanga kwanza kwa sababu ndilo linaloonekana. Sisi twasema litazamwe mwisho. Tanga, kamba, kapi na hata usukani hubadilishwa kimoja kimoja mwaka hata mwaka kwa kadiri ya uwezo. Mkuku haubadilishwi hivyo. Mtu akichagua baina ya chombo chenye tanga bovu na mkuku mzima, na chombo chenye tanga jipya na mkuku mbovu, asifikiri mara mbili: achukue cha kwanza.

Hata hivyo usiache kukagua. Vuta tanga kwa vidole viwili karibu na mshono. Likichanika, jua limelila, na bei lazima ishuke. Fungua nyuzi za kamba ya jarari na ya demani utazame ndani, maana kamba huweza kuwa nzima nje na imekatika ndani. Pitisha mkono juu ya foromali yote kutafuta ufa. Kisha shika kana, uone kama usukani unageuka bila ya kucheza.

Baada ya hayo toka baharini pamoja na mwenyewe, yeye akiwa nahodha, siku ya upepo wa kiasi. Hesabu mara ngapi mwateka maji ya ngama kwa saa moja. Tazama kama chombo chabisha vizuri au chasukumwa upande. Chombo kitasema ukweli kuliko muuzaji.

NANI MWENYEWE?

Vyombo vingi vya pwani yetu si vya mtu mmoja. Pengine ndugu wawili wamechanga, pengine mwenyewe amekufa na warithi hawajagawana. Ukimlipa mmoja, wengine watakuja kudai, na watakuwa na haki. Uliza pwani, uliza kwa sheha wa shehia yake, na mauzo yaandikwe mbele ya mashahidi na kutiwa sahihi na wote wenye sehemu. Kisha uende Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kuuliza khabari za usajili na ukaguzi, kabla ya kulipa wala si baada yake.

Na hapa tukumbushane jambo linalotuhusu sisi khasa. Karafuu zetu njia yake ni vituo vya ZSTC. Chombo cha mwanachama kisitumiwe kuzivusha kwenda ng’ambo kwa magendo. Ni kosa mbele ya sheria, na mwenye tamaa hiyo aweza kupoteza karafuu na chombo siku moja.

KUKITUNZA NA KUJIFUNZA

Chombo cha mbao ni kama shamba: ukikiacha, kinarudi porini. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, na ndiyo nafasi ya kukilaza mchangani, kukwangua uchafu wa chini, kukichoma taratibu kwa makuti makavu ili wadudu wafe, na kukipaka sifa au deheni. Wazee wetu hawakufanya hivyo kwa mazoea tu. Moto ule humkuta mdudu angali juu juu ya ubao. Ukiacha miezi mingi, amekwisha ingia ndani na moto haumfikii. Mtu asiye na nafasi ya kazi hii, wala mtu wa kumfanyia, bora asinunue chombo, aweke fedha zake katika miche ya mikarafuu.

Kujifunza nako kwataka wakati. Twamshauri mwanachama aende ubaharia katika chombo cha mwenziwe msimu mmoja kabla ya kununua. Akishanunua, aanzie ndani, penye maji yaliyokingwa na visiwa, siku za matlai. Kusi linapovuma kwa nguvu, khasa mwezi wa Juni na Julai, mgeni abaki pwani. Mlango wa bahari baina ya Pemba na bara una kina kikubwa sana na mkondo wenye nguvu, wala si mahali pa kujaribia tanga.

Mzigo nao uwe na mpaka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikija Pemba kutoka Unguja, ilizama ikiwa imechukua watu kupita kiasi chake, na majina ya waliokufa tungali tunayataja katika dua zetu. Ikiwa meli ya chuma ilishindwa, dau la mbao litasemaje? Mwenye chombo apige alama ubavuni, na maji yakifika hapo, ndizi zilizobaki zingoje safari ya pili.

Kwa ufupi, wanachama wenzetu: chagua kidogo, kitazame kikavu, chukua fundi wako, andikisha mauzo, na uweke fungu la tatu. Ukifuata haya waweza kungoja mwezi mmoja au miwili zaidi kabla ya kupata chombo, na hapana ubaya, maana hata karafuu hauchumi kabla haijawa tayari.

Mwanachama mwenye ujuzi wa vyombo, au mwenye neno la kuongeza juu ya haya, tafadhali atuletee, nasi tutalichapa katika toleo lijalo ili wenzake wafaidike.