Losheni ya jua inapoingia kwenye damu

Mwaka 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza majibu ya jaribio la watu 24. Walipakwa mafuta ya kujikinga na jua robo tatu ya mwili, mara nne kwa siku, siku nne mfululizo, wakawa wanatolewa damu. Vichujio vya mionzi vilivyopimwa, oksibenzoni na oktokrileni vikiwamo, vilionekana kwenye damu siku ileile ya kwanza, tena kwa zaidi ya nanogramu 0.5 kwa mililita.

Watu wakashtuka, wengine wakatupa chupa. Haraka ya nini? Kiwango hicho hakipimi sumu. Kichujio kikikipita, mtengenezaji hudaiwa vipimo zaidi, vikiwamo vya saratani na uzazi. Mwaka huohuo FDA ilipendekeza kuwa kati ya vichujio 16, viwili tu vitambuliwe kuwa salama: zinki oksidi na titani dioksidi. Viwili vilikataliwa, na 12 vikasubirishwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Ulaya, wataalamu hupiga hesabu. Huchukulia kwamba mtu hupaka gramu 18 kwa siku, hukadiria kiasi kinachopenya ngozi, kisha hukilinganisha na dozi isiyomdhuru mnyama wa maabara. Dozi hiyo isipokizidi mara 100, kichujio hakipiti. Mara kumi ni kwa sababu binadamu si panya. Kumi nyingine ni kwa sababu miili yetu haifanani. Ndiyo maana kanuni ya 2022 inaruhusu oksibenzoni hadi asilimia 6 kwenye krimu ya uso, lakini 2.2 tu kwenye losheni ya mwili. Kemikali ni ileile, ngozi inayopakwa ndiyo imeongezeka.

Muda wa kupaka nao hutofautiana. Mtalii wa Nungwi, Zanzibar, hupaka wiki moja, akarudi kwao. Mtu mwenye ualbino hupaka kila kukicha tangu utotoni, na akiacha, saratani ya ngozi inamsubiri. Kwa ajili yake, pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya Kilisun. Mimi ningependa kuona damu ya watumiaji wa namna hii ikipimwa kwa miaka, si kwa siku nne, huku wakiendelea kupaka na kuvaa kofia pana. Ila kwanza wapate losheni ya kutosha: kwa gramu 18 kwa siku, chupa ya gramu 90 inaisha siku ya tano.