Kulishwa kwa Mrija wa Tumboni: Chakula Kianze Lini?

Mtu asiyeweza kumeza kwa sababu ya kiharusi au ugonjwa wa neva aweza kudhoofika kwa njaa ingawa tumbo lake ni zima. Mgonjwa wa namna hiyo hutobolewa tundu dogo katika ukuta wa fumbatio, kisha hupitishwa mrija unaopeleka chakula cha majimaji moja kwa moja tumboni.

Zamani kazi hiyo ilihitaji upasuaji. Mwaka 1979, huko Cleveland, Marekani, madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky walimwekea mtoto mdogo mrija bila ya kumpasua. Katika njia hiyo, chombo chembamba chenye taa hupitishwa kinywani hadi tumboni. Mwanga wake uonekanapo juu ya ngozi, sindano hudungwa mahali hapo, na uzi upitao ndani yake huvuta mrija hadi mahali pake.

Kwa miaka mingi baadaye mgonjwa hakulishwa hadi siku ya pili. Ilihofiwa kwamba tumbo lingekuwa bado limezubaa, na kwamba chakula kingevujia katika uwazi wa fumbatio na kusababisha uambukizo wa kufisha. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini ilikuwa haijapimwa.

Katika miaka ya 1990 ilipimwa. Wagonjwa waligawanywa kwa kura katika makundi mawili: moja lililishwa baada ya saa chache, jingine siku iliyofuata. Waliolishwa mapema hawakupata madhara makubwa zaidi. Sababu yaeleweka: mrija una kizuizi kimoja ndani ya tumbo na kingine juu ya ngozi, navyo hushikiza tumbo na ukuta wa fumbatio pamoja, hata pasiwe na nafasi ya kuvuja. Kwa hiyo leo mtu mzima asiye na matatizo huweza kuanza kulishwa kiasi cha saa 4 baada ya kuwekewa mrija. Kwa mgonjwa aliyekwisha kukonda, siku moja ya njaa iliyookolewa si jambo dogo.

Hata hivyo, kulishwa mapema si kusema kwamba jeraha limepona. Njia ya mrija huchukua wiki kadhaa kukomaa. Mrija ukichomoka kabla ya hapo, usirudishwe kwa kubahatisha, kwani waweza kuingia nje ya tumbo. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo, maumivu makali au homa yakitokea, chakula kisimamishwe na daktari aarifiwe.