TB ya Tumbo au Crohn?

Mwaka 1932, madaktari Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, waliandika kuhusu wagonjwa 14 wenye vidonda na makovu mwishoni mwa utumbo mwembamba. Kwa macho ilikuwa TB, ila vimelea vya TB havikuonekana. Ugonjwa ukabaki na jina la Crohn, kwa bahati ya alfabeti tu, na hadi leo unawasumbua madaktari.

Magonjwa yote mawili, TB ya tumbo na Crohn, hupenda pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, karibu na kidole tumbo. Malalamiko ni yaleyale: tumbo kunyonga, kuharisha, homa, kukonda. Picha ya kifua nayo haitoshi, maana wengi wenye TB ya tumbo mapafu yao ni safi.

Kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa husaidia kiasi. Vidonda vya TB mara nyingi huuzunguka utumbo kama mkanda. Vya Crohn hufuata urefu wake na kuruka sehemu nzima zilizo salama. Fistula kando ya njia ya haja kubwa huelekeza kwenye Crohn, maji tumboni kwenye TB. Kinyama kinachokatwa kwenye kidonda kwa ajili ya uchunguzi kikikutwa na bakteria wa TB, shauri limekwisha. Lakini bakteria wa utumboni huwa wachache mno, hata kipimo cha TB cha GeneXpert, kinachosifika kwa makohozi, huwakosa mara nyingi.

Na makosa hayalingani uzito. Dawa za Crohn hupunguza nguvu ya kinga ya mwili, kinga hiyohiyo inayoibana TB isisambae. Mwaka 2001 watafiti waliripoti wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kutumia infliximab, dawa ya Crohn na baridi yabisi. Kwa zaidi ya nusu yao, TB ilikuwa nje ya mapafu.

Ndiyo maana nchini India, ambako magonjwa yote mawili yapo, daktari aliyekwama huanza na dawa za TB. Hapo kuna mtego: mwenye Crohn naye anaweza kujisikia nafuu. Kinachoamua ni kuirudisha kamera baada ya miezi miwili au mitatu. Vidonda vya TB huwa vimefunga au vinaelekea kufunga. Visipobadilika, Crohn hupewa nafasi ya kwanza, bila kusahau TB sugu. Tanzania na Kenya, ambako kamera hizo ziko zaidi kwenye hospitali kubwa za mijini, miadi hiyo ya pili ndiyo rahisi kurukwa, huku utumbo wenye Crohn ukiendelea kujenga makovu hadi uzibe na kuhitaji upasuaji.