Safu ya Nyumbu na Safu ya Atomi

Wenyeji wa Tarime na Mugumu, ambao kwao msafara wa nyumbu kuelekea Mto Mara ni jambo la kila mwaka, hawatastaajabu wakiambiwa kwamba kundi kubwa la wanyama hao likiwa mwendoni, ukingo wake wa mbele haunyooki, bali hupindapinda mithili ya mawimbi. La kustaajabisha ni hoja ya wanahisabati Shay Gueron na Simon Levin, waliobainisha mwaka 1993, kwa kuiga safu hiyo katika hesabu, kwamba mapindo hayo yaweza kuzuka pasipo kiongozi wala amri, maadamu kila mnyama wa mbele huongeza au hupunguza mwendo kwa kuwatazama jirani zake tu.

Maulamaa wa fizikia nao wana safu yao, ndogo mno kuonekana kwa macho. Katika fuwele yenye potasiamu, shaba na florini, atomi za shaba hushikamana kwa nguvu katika mwelekeo mmoja na kwa udhaifu katika mielekeo mingine, hata kila mstari wake huwa kana kwamba uko peke yake. Na kila atomi ni sumaku ndogo itakayo kuelekea kinyume cha jirani yake. Nyutroni ikipita na kuipindua mojawapo, huzuka kasoro mbili, moja kila upande, pale ambapo majirani wawili wanaelekea mamoja. Kisha kasoro hizo huachana, kila moja ikashika njia yake na nusu yake ya kile kilicholetwa na nyutroni. Msisimko huo wa nusu ndio uitwao spinoni. Lau atomi zingetandazwa kama mkeka, kuachana huko kungeacha nyuma mkururo wa majirani waliokosana, na gharama ingezidi kwa kila hatua. Katika mstari hakuna deni la namna hiyo.

Hans Bethe alilifumbua fumbo la msingi la safu hii mwaka 1931, kwa kalamu na karatasi. Lakini ongeza ushawishi wa jirani wa pili, au badili ukubwa wa sumaku, na kalamu hukwama. Hapo ndipo nyumbu na atomi hufarikiana: nyumbu elfu moja huelezwa kwa tarakimu elfu chache, kwa kuwa kila mmoja yupo mahali pake, ilhali atomi, kwa kanuni za kwanta, hazielezeki moja moja, bali sharti kila mpangilio mzima wa safu upewe adadi yake, na safu ya atomi 40 tu ina mipangilio 1,099,511,627,776. Ongeza atomi moja, jumla hiyo huwa maradufu. Anayedhani dawa ni kununua mashine kubwa zaidi hajaipima hesabu hii.

Dawa aliileta Steven White wa Marekani mwaka 1992, nayo kwa maoni yangu ni ya werevu kuliko nguvu: aliigawa safu sehemu mbili, akauliza ni hali zipi za sehemu moja zilizofungamana kweli na ya pili, akazihifadhi hizo chache, akazitupa zilizobaki, huku akijua kiasi cha kosa alilolikubali. Mwaka 1993 yeye na David Huse walikokotoa pengo la nishati ambalo Duncan Haldane, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2016, alikuwa amelitabiri tangu 1983 kwa safu za sumaku zenye spini, yaani kipimo cha usumaku wa kila atomi, ya moja kamili, na ambalo wengi walilitilia shaka: msisimko hauamki hapo kwa nishati iliyo chini ya 0.4105 ya nguvu ya kifungo cha majirani.

Kuuandama msisimko katika mwendo wake ni taabu zaidi. Kasoro zinavyozidi kuachana ndivyo zinavyozifungamanisha sehemu za safu zilizo mbalimbali, hali za kuhifadhi huongezeka kwa kasi, na hesabu iliyoanza kwa usahihi mkubwa aghalabu hulazimika kusimamishwa kabla spinoni hazijafika ncha za safu.