Jumatatu za Kamwokya: Wanawake Walioandika Uganda Upya (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi udikteta na vita vya miaka ya 1970 na 1980 vilivyodhoofisha biashara ya vitabu nchini Uganda. Leo tuwatazame wanawake walioshika kalamu baada ya dhoruba hiyo.

Sauti ya mwanamke inayojulikana kuliko zote katika fasihi ya Uganda ni ya Lawino, yule mke anayemlalamikia mumewe aliyezama katika uzungu. Lakini Lawino alitungwa na mwanamume, Okot p'Bitek, katika shairi lililochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966. Wanawake waandishi walikuwapo, mathalani mtunzi wa tamthilia Elvania Zirimu, ila walikuwa wachache.

Mwaka 1995 Mary Karooro Okurut, aliyewahi kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Makerere, aliwakusanya wenzake wakaunda Femrite, chama cha waandishi wanawake. Kilizinduliwa rasmi mwaka uliofuata. Katika ofisi yao ya Kamwokya, Kampala, Jumatatu ikawa siku ya kusomeana miswada. Mwenye kazi husoma, wengine husikiliza, kisha humwambia bila kumpaka mafuta: hapa umetugusa, hapa umetuchosha, mhusika huyu hasadikiki. Naye hurudi nyumbani kuandika upya.

Hata hivyo, mswada mzuri usio na mchapishaji huishia kabatini. Kwa hiyo Femrite ilianza kuchapisha yenyewe. Mwaka 1998 ilitoa, miongoni mwa vingine, mkusanyiko wa hadithi *A Woman's Voice* na diwani ya Susan Kiguli, *The African Saga*. Mwaka 1999 ikafuata riwaya ya Goretti Kyomuhendo, mratibu wa kwanza wa Femrite, *Secrets No More*. Na mwaka 2007 mwanachama wake, Monica Arac de Nyeko, akawa Mganda wa kwanza kutwaa Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika.

Kipaji hakikukosekana Uganda hata siku moja. Kilichokosekana ni sikio la kwanza na mlango wa kuchapishia, na wanawake hawa walijipatia vyote viwili. Nalisisitiza hili kwa sababu mabinti zetu wengi bado wanaficha madaftari chini ya godoro. Uchapishaji unadai mtaji. Sikio la kwanza linadai siku moja ya juma na wenzako wanne wasioogopa kukuambia kweli. Tuanzie hapo.

Wiki ijayo: jinsi Femrite ilivyowafikia wanawake wa vijijini na simulizi zao.